Mbung'o, Mvua na Kihamba: Ramani ya Mifugo Tanzania

Ng'ombe wengi wa Tanzania hawako kwenye mvua nyingi. Wako Shinyanga, Simiyu, Tabora, Singida na Manyara, mikoa ambayo kiangazi hukausha malambo. Lindi na Mtwara majani yapo, lakini kwa miaka mingi zizi la ng'ombe lilikuwa nadra huko. Sababu kubwa ni mbung'o, anayestawi kwenye misitu ya miombo na kueneza nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe hadi afe.

Usukumani ng'ombe na shamba haviachani. Maksai hukokota plau kwenye mashamba ya pamba na mpunga. Mvua zinapoanza, familia hufunga sehemu ya malisho iitwayo ngitiri. Kiangazi kikikaza, ndipo huingizwa ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa.

Umasaini kundi hufuata majira. Kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huzaa kwenye tambarare za Ngorongoro na kusini mwa Serengeti. Majani ya huko ni mafupi na yana lishe kuliko ya mlimani, ila ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyowadhuru wenyewe lakini huua ng'ombe. Basi mfugaji hupandisha kundi lake milimani, akiyaacha malisho hayo yakiwa katika ubora wake. Anayedai kwamba Wamasai huhamahama ovyo hajauliza wanakimbia nini.

Kwenye kihamba cha Mchagga, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, Kilimanjaro, ardhi ni finyu na ng'ombe wawili watatu hawatoki bandani. Hukatiwa majani, mengine yakibebwa kichwani kutoka tambarare, pamoja na mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, ambayo wakati wa kiangazi huwapa na maji. Samadi hurudi migombani. Rungwe nako hufugwa ng'ombe wa maziwa bandani.

Unguja ilimalizana na mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi kuachiliwa kutoka angani. Kusini mwa bara kilichobadilisha ramani ni watu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, Mbeya, na wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Walihamishwa kabla vijiji vingi vya huko havijatenga malisho wala kujenga majosho, na ng'ombe wakaingia kwenye mashamba ya ufuta na mpunga.