Hewa Iliyosalia Kiunoni

Wapandikizao mpunga katika majaruba ya Mwea nchini Kenya, ambao hushinda wameinama majini wakitia mche mmoja mmoja topeni kwa mkono, si ajabu wakililia kiuno. Na baadhi yao, vidonge vikiisha kuwashinda, huishia Nyeri ama Nairobi wakadungwa ganzi iliyochanganywa na steroidi, nje kidogo ya utando ufunikao uti wa mgongo.

Tabibu adungaye hana budi kujua ncha imefika wapi, na njia iliyoenezwa na tabibu Dogliotti wa Italia tangu 1933 ni kusukuma bomba la sindano taratibu: madhali ncha imo katika kano, bomba hugoma, na ikiisha kupenya, ukinzani hutoweka ghafla. Bombani wengine hutia maji ya chumvi, wengine hewa. Na hewa hiyo haba, isaliapo mgongoni, ndiyo asili ya hadaa mgonjwa apigwapo picha baadaye. Kwani MRI, mashine ipigayo picha kwa sumaku, husikiliza maji na mafuta ya mwili, navyo hewani havimo, basi kiputo huonekana doa jeusi. Tena, kwa vile hewa na nyama hazilingani mbele ya sumaku, doa hutanuka kupita kiputo chenyewe. Msomaji wa picha asiyearifiwa habari za sindano aweza kulidhania kipande cha diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, kilichochomoka na kuigandamiza neva, na mgonjwa akatishwa kwa kisu bure, ilhali aghalabu hewa hiyo hunyonywa na mwili baada ya siku chache. CT, ipigayo picha za vipande kwa eksirei, hukata shauri upesi, maana humo hewa ni nyeusi tititi na diski ni ya kijivu. Kwa rai yangu, tarehe ya sindano yastahili kuandikwa juu ya karatasi ya kuombea picha, kabla hata ya umri.

Sindano kuacha alama pichani si jambo jipya. Mjini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1920, matabibu Sicard na Forestier, waliokuwa wakidunga mafuta yenye aidini ili kutuliza maumivu, walitambua kwamba yaonekana waziwazi katika eksirei, na dawa ikawa chombo cha kupigia picha. Myodil, mafuta ya jamii hiyo yaliyotumiwa baadaye na Waingereza, ilisalia mgongoni miaka na miaka, na matone yake katika MRI hung'aa hata yakadhaniwa uvimbe.

Hata hivyo hewa si udhuru wa kila doa. Usaha nao hutunga pale pale. Aliyedungwa kisha akapata homa, miguu ikalegea au mkojo ukaziba, apelekwe hospitali siku ile ile.