Nahodha Hakushika Usukani

Msikilize mtangazaji wa mpira: nahodha wa timu amemwendea mwamuzi kulalamika. Fungua gazeti kwenye kurasa za siasa: nahodha wa chama ameshika usukani. Neno lilitoka majini zamani, likazoea nchi kavu, na hakuna anayeliona geni. Ila matumizi hayo mawili hayalingani. Yale ya mpira yako karibu na asili ya neno, na yale ya siasa yamembebesha nahodha kazi ya mtu mwingine.

Asili yenyewe ni Kiajemi. Nav ni chombo cha majini. Khoda ni bwana, mwenye kumiliki. Kwa kuwa Wairani wa leo humwita Mungu Khoda, wapo wanaofasiri nahodha kuwa “mungu wa chombo”. Inapendeza barazani, lakini si kweli. Kiajemi hicho hicho kina kadkhoda, mkuu wa kijiji, ambaye asili yake ni mwenye nyumba. Nahodha naye ni mwenye chombo, au anayesimama badala ya mwenyewe.

Pwani yetu haikulipokea neno hili moja kwa moja kutoka kwa Waajemi. Ushahidi umo katika matamshi. Waarabu waliliandika kwa dhali, nakhudha, na dh hiyo ndiyo tuliyonayo mpaka leo. Kh ikalainika ikawa h, kama khabari ilivyokuwa habari. Wamalei na Waindonesia, kwa upande wao, husema nakhoda, kwa d. Kwa hiyo bahari moja ilisambaza neno moja kutoka Ghuba hadi Sumatra, na kila pwani ikalitamka kwa ulimi wake. Iran kwenyewe, nakhoda sasa ni cheo katika jeshi la majini.

Kazi yake ilikuwa nini hasa? Jibu zuri limo katika kitabu cha Kiarabu cha karne ya 10 kuhusu maajabu ya Bahari ya Hindi, kinachohusishwa na Buzurg bin Shahriyar, mwenyewe nahodha, mtu wa Ramhormoz. Humo kuna kisa cha nahodha Ismailawayh, aliyeng’oa nanga Oman mwaka 922 akielekea Qanbalu, mahali ambapo wanahistoria wengi hupahusisha na Pemba. Upepo ukamsukuma hadi Sofala, Msumbiji ya leo. Mfalme wa huko akampokea vyema, akamwacha afanye biashara bila bughudha, na siku ya kuondoka akapanda chomboni kumuaga. Nahodha akamtazama mwenyeji wake, akapiga hesabu moyoni: mtu huyu sokoni Oman ataleta dinari 30. Akaamuru tanga lipandishwe, akaondoka naye. Ni unyama mtupu. Lakini tazama kisa kinavyomchora nahodha: hahangaiki na nyota wala mawimbi, anahangaika na bei.

Ndivyo ilivyo pia katika barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 12, zilizohifadhiwa katika sinagogi moja la Cairo. Wanaoitwa kwa jina hili humo mara nyingi ni wenye meli na matajiri wa biashara ya India. Nahodha alijibu kuhusu shehena, mabaharia, abiria na faida. Njia ilikuwa ya mwalimu, aliyejua nyota na misimu ya pepo. Kuingiza chombo bandarini penye miamba ni kazi ya rubani, mtu ambaye siku hizi tumemrusha angani na wengi hawajui kwamba alianzia majini. Serehangi aliwasimamia mabaharia. Usukani ulikuwa na mshikaji wake, msukani. Katika majahazi madogo, ni kweli, mtu mmoja aliweza kubeba kazi zote hizo, na bila shaka hapo ndipo majina yalipoanza kuchanganyika.

Methali ya manahodha wengi, chombo huenda mrama, inasomeka vizuri zaidi ukiyajua hayo. Mrama ni kule chombo kuyumba ubavu huku na huku. Hakiyumbi kwa sababu watu kumi wamening’inia usukani; kinayumba kwa sababu kila mmoja anatoa amri yake na hakuna mwenye neno la mwisho.

Nahodha ana ndugu asiyetajwa. Nauli unayompa konda wa daladala ilitufikia kwa Kiarabu, ambacho kiliichukua kutoka Kigiriki: naulon, malipo ya kusafiri kwa naus, yaani merikebu. Naus na nav ya Kiajemi ni watoto wa mzizi mmoja, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za jamii moja iliyoenea kutoka India hadi Ulaya. Mizizi ya nauli na nahodha, basi, iliachana maelfu ya miaka kabla ya kukutana tena katika Kiswahili.

Turudi kwa waandishi wenzangu. Nahodha wa timu ya mpira anawasemea wenzake na kubeba lawama zao. Hapo neno limetua mahali pake. Lakini mkitaka kumsifu kiongozi kwa kushika usukani, mwiteni msukani. Mkimwita nahodha, muulizeni habari za shehena.