Uzuri wa Mkakasi: Nasaha kwa Mzazi Anayenunua Kompyuta ya Michezo



Kila likizo za shule zinapokaribia, katika nyumba zetu nyingi hapa Maskati, kuanzia Ruwi hadi Seeb, huzuka ombi lile lile: kijana anataka kompyuta ya mezani ya kuchezea michezo, iliyokwisha kuundwa, ya kuchomeka na kuwasha tu. Mzazi hupelekwa dukani, akaoneshwa kasha la kioo lenye feni zinazomeremeta kwa kila rangi, akatajiwa bei ya kumtoa jasho, kisha akatakiwa aamue papo hapo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunakusudia kueleza namna ya kuufunua mkakasi huo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hatusemi mtoto anyimwe. Kompyuta hiyo hiyo itamfaa kwa masomo, kwa uchoraji na kwa kujifunza kuandika programu. Lakini fedha zetu zina wengi wanaozitegemea. Kuna ada za shule hapa, na kuna jamaa Unguja, Pemba na Mombasa wanaosubiri chochote mwisho wa mwezi. Haifai zikapotea kwa kununua taa.

Jina pekee halitoshi

Muuzaji hupenda kusema, "Hii ni Core i7," akanyamaza. Jina hilo limekuwapo tangu mwaka 2008, na limebeba vizazi vingi vya prosesa. Core i7-3770 ya mwaka 2012 huachwa mbali na Core i3-12100 ya mwaka 2022, ingawa i3 ndilo jina la chini. Basi dai nambari kamili, si jina. Kuna sababu nyingine pia: Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za zamani. Anayeuziwa mashine ya kale ndani ya kasha jipya hununua mzigo.

Kadi ya michoro ndiyo moyo wa mashine ya michezo, na humo majina hudanganya zaidi. RTX 3060 ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Mwishoni mwa mwaka 2022 likatolewa toleo la gigabaiti 8, lenye jina lile lile, lakini njia yake ya kupitishia data ni nyembamba na mwendo wake ni mdogo. Mwaka 2025 RTX 5060 Ti nayo ilitoka kwa sura mbili, ya gigabaiti 8 na ya gigabaiti 16. Kwa hiyo swali la pili, baada ya jina la kadi, ni hili: kumbukumbu yake yenyewe ni kiasi gani?

Yasiyoandikwa kwenye tangazo

Tangazo husifu prosesa na kadi, likanyamazia mengine. Uliza kifaa cha kugawia umeme ni cha mtengenezaji gani na cha wati ngapi, kwani kikiwa dhaifu mashine huzimika katikati ya kazi. Uliza kama gigabaiti 16 za kumbukumbu ni kijiti kimoja au viwili. Viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida huipa prosesa njia mbili badala ya moja. Uliza pia kama sehemu zake ni za vipimo vya kawaida. Baadhi ya makampuni makubwa hutumia ubao mama na kifaa cha umeme cha umbo lao peke yao, na kikiharibika fundi wa mtaani hana cha kuweka badala yake.

Usisahau skrini. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde haiwezi kuonesha picha 150, hata kadi ikizitoa. Huwa umelipia usichokiona.

Joto letu

Tarehe 26 Juni 2018, mjini Quriyat, kusini-mashariki mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Kasha zuri la kioo kitupu mbele, lisilo na matundu ya kuvutia hewa, huwa tanuri katika nchi kama hii. Chagua lenye uso wa wavu na kichujio cha vumbi kinachotoka na kusafishwa, wala usiliweke ndani ya kabati la sebuleni.

Bei, dhamana na mkopo

Tangu Aprili 2021 Oman inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Rial 400 kabla ya kodi ni rial 420 mkononi. Hakikisha unalinganisha bei za aina moja. Anayeagiza Marekani apime kwa kiwango kisichobadilika, kwani rial moja ni takriban dola 2.60, kisha aongeze nauli ya mzigo. Aangalie pia kama kifaa cha umeme kimeandikwa 100 hadi 240, kwa kuwa umeme wa kwao ni volti 120 na wetu ni 240.

Kwa mali iliyoletwa kutoka Dubai, uliza dhamana inatekelezwa Maskati au mpaka uivushe mashine mpaka wa nchi. Tunza risiti. Sheria ya kumlinda mlaji, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani nambari 66 ya mwaka 2014, inampa mnunuzi haki juu ya bidhaa yenye kasoro, na ipo mamlaka ya kumsikiliza.

Na ukishawishiwa kulipa kidogo kidogo, soma mkataba hadi mwisho. Bei ya awamu iliyokubaliwa mwanzo na isiyoongezeka ni jambo moja. Nyongeza inayozaa kwa kila kuchelewa ni riba, na riba hatuna haja nayo kwa ajili ya mchezo.

Karatasi moja, kalamu moja

Tunashauri hivi. Mpe kijana karatasi, aandike michezo mitatu anayoicheza kweli na mahitaji yaliyotajwa na watengenezaji wake. Kisha aorodheshe mashine tatu za maduka matatu: prosesa kwa nambari yake, kadi na kumbukumbu yake, vijiti, kifaa cha umeme, diski, kasha, dhamana, bei pamoja na kodi. Akueleze kila mstari mpaka uelewe. Mara nyingi yeye mwenyewe ataona kwamba mashine ya bei ya kati inamtosha, na hapo uamuzi utakuwa wake na wako, bila ya kununiana. Siku hiyo hiyo patianeni saa za kucheza, kabla mashine haijaingia nyumbani. Baada ya hapo ni vigumu zaidi.

Rahisi huvunja upishi, na ghali nayo si lazima iwe tamu. Mwenyezi Mungu atubarikie katika mali zetu na watoto wetu.