Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Mchanga Hapaswi Kulambishwa Asali?

Asali safi, iliyorinwa vizuri na kuchujwa kwa uangalifu, inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Bakteria huyu huishi kwenye udongo na vumbi, na mazingira yakimkataa hujifungia ndani ya spora, gamba gumu linalomwezesha kukaa miaka mingi bila kukua wala kufa. Mtu mzima akimeza spora hizo kwa kawaida hazimdhuru, kwa kuwa utumbo wake umejaa bakteria wengine wasiompa mgeni nafasi. Mtoto wa chini ya miezi 12 bado hajajijengea ulinzi huo. Tumboni mwake spora huota, bakteria huzaana, kisha hutoa sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Ugonjwa huu, botulizimu ya watoto wachanga, ulitambuliwa mwaka 1976 huko California, Marekani.

Sumu hiyo huzuia neva kutoa asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli ikaze. Misuli ya utumbo nayo hulegea, ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi ni mtoto kukosa choo kwa siku kadhaa. Baadaye kope hulegea, kunyonya hupungua nguvu, kilio hufifia na shingo hushindwa kubeba kichwa. Ulegevu ukifika kwenye misuli ya kupumua, mtoto huhitaji mashine ya kumsaidia. Kwa kuwa aghalabu hana homa, ni rahisi mzazi kudhani amechoka tu. Iko dawa ya kingamwili za binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inayoinasa sumu iliyo bado kwenye damu. Lakini haiwezi kuifungua neva iliyokwisha kuzuiwa; hiyo hupona yenyewe, polepole, kwa wiki nyingi. Kuzuia, basi, ni bora mno kuliko kutibu.

Wapo watakaosema kwamba wazee walilambisha watoto asali na watoto wakakua. Ni kweli, kwani si kila asali ina spora, wala si kila spora huota. Ila ushahidi huo unawahesabu waliopona peke yao. Mtoto aliyelegea na kufa kabla ugonjwa haujajulikana hakuna aliyemhusisha na asali. Wengine hushauri kuichemsha. Moto wa jikoni huiharibu sumu, lakini spora hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kwa hakika kunahitaji nyuzi joto 121 chini ya mgandamizo. Hoja nzito zaidi ni kwamba watoto wengi waliougua hawakuwahi kuonja asali, bali yaelekea walimeza spora za vumbini. Hoja hii haiitetei asali. Vumbi hatuwezi kulimaliza nyumbani, ilhali asali tunaitia wenyewe kinywani mwa mtoto. Hata tahniki, yaani kulambishwa kitu kitamu wanakofanyiwa watoto wa Kiislamu wanapozaliwa, asili yake ni tende. Kuiacha asali hakuivunji Sunna hiyo.

Mama anayenyonyesha ale asali bila hofu, maana spora hazipiti kwenye maziwa yake. Mtoto naye asubiri mpaka atimize mwaka. Ugonjwa ni adimu, lakini gharama ya kuukwepa kwa njia hii ni miezi 12 tu ya subira, na hakuna lishe yoyote ambayo mtoto anayenyonya ataikosa kwa kuikosa asali.