Kwa Nini Jina Lako Halionekani Kwenye Mfumo

Mwananchi wa Marangu au Kibosho, wilayani Moshi, anaweza kuelezwa kuwa jina lake halimo kwenye mfumo, ilhali kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Kanzidata hulinganisha herufi kwa herufi. Hivyo "Massawe" na "Masawe" huhesabiwa kuwa majina mawili. Hata nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina inaweza kukwamisha utafutaji.

Mtumishi atafute kwa sehemu ya jina, mfano "sawe", kisha ahakiki tarehe ya kuzaliwa. Njia ya uhakika zaidi ni Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, kwani humtambulisha mtu mmoja tu.

Wananchi wanashauriwa kutumia tahajia moja katika nyaraka zote, hususan za mirathi ya kihamba.