Dakika za Bure na Bei Yake

Lugha ya Kiswahili ina neno ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila tangazo la kampuni za simu. Neno lenyewe ni "bure". Wanafunzi wanalifahamu kwa maana zake mbili. Kitu kikitolewa bure, hakilipiwi. Mtu akijisumbua bure, amepoteza nguvu zake pasipo faida. Maana hizi zimeishi pamoja miaka mingi bila kugombana, na sijui mahali zinapokutana waziwazi zaidi kuliko katika ofa za dakika za bure tunazotumiwa kwenye rununu zetu asubuhi, adhuhuri na jioni.

Hebu tutazame ofa moja ya kawaida. Mwenzangu katika chumba cha walimu alipokea arafa ikimweleza kwamba akitumia Sh50 siku hiyo angepewa dakika 50 za bure. Alikuwa na salio la Sh100, ambalo kwa desturi yake lingemtosha siku tano. Akaanza kuwapigia watu ambao hakuwa na haja kubwa nao, na kufikia magharibi Sh50 zilikuwa zimekwisha na zawadi imeingia. Saa tatu usiku akampigia dadake. Waliongea kwa raha, habari za watoto na za mvua, hata simu ikakatika yenyewe baada ya dakika kumi. Alipoangalia, dakika zake 50 zilikuwa palepale, hazijaguswa. Kilichokwisha ni zile Sh50 nyingine alizoziweka akiba. Dadake hutumia laini ya kampuni nyingine, na dakika za bure hazikuvuka mpaka huo. Ilipogonga saa sita usiku, nazo zikafutika.

Naam, masharti hayo yalikuwa yameandikwa. Yalikuwa mahali fulani kwenye tovuti ya kampuni, kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali arafa iliyotangaza zawadi ilikuwa na maneno yasiyozidi ishirini.

Mpaka huo wa mitandao una historia, na inafaa wanafunzi waielewe kabla ya kukasirika. Simu inapotoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji ada kwa kila dakika. Kabla ya Agosti 2010 ada hiyo nchini Kenya ilikuwa Sh4.42. Tume ya Mawasiliano ilipoipunguza hadi Sh2.21, vita vya bei vilizuka, na Zain, ambayo baadaye mwaka huo ilibadilishwa jina kuwa Airtel, ikashusha bei ya kupiga simu hadi Sh3 kwa dakika. Simu inayobaki ndani ya mtandao mmoja haitozwi ada hiyo. Minara imekwisha kujengwa, mitambo inafanya kazi usiku na mchana, na kuna saa ambazo watumiaji ni wachache. Dakika unayozawadiwa usiku wa manane ni kama kiti kitupu katika matatu iliyokwisha kuondoka: kumkaribisha mtu akikalie hakumgharimu dereva chochote.

Lakini kufikia Machi 2024 ada hiyo ilikuwa imeshuka hadi Sh0.41, yaani imepungua zaidi ya mara kumi, na bado ofa nyingi huishia ukingoni mwa mtandao. Hapa ndipo ninaposhuku kwamba gharama siyo sababu pekee. Dakika za bure za ndani ya mtandao ni kamba. Mama akiwa katika laini fulani, watoto hununua laini hiyo. Chama cha akina mama kikihamia huko, na wanachama hufuata. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadilisha nambari yake. Ruhusa hiyo ni nzuri, ila anayehama huondoka na nambari tu, akiwaacha nyuma wale wote aliokuwa akizungumza nao kwa bei ya chini.

Kikomo cha muda nacho kina hesabu yake, tena hesabu ya darasa la sita. Chukua mfano wa kifurushi cha Sh20 kinachotoa dakika 40 mpaka saa sita usiku. Tangazo litasema ni nusu shilingi kwa dakika. Mtu akiongea dakika tano tu, kama wengi wetu wenye shughuli, atakuwa amelipa Sh4 kwa kila dakika, na zile 35 zilizosalia zitarudi kwa mwenyewe. Aliyemaliza dakika zake katikati ya mazungumzo naye huenda asijue, kwa maana simu inaweza kuendelea kwa bei ya kawaida kutoka katika salio kuu bila mlio wala onyo. Wazee wenzangu watakumbuka vibanda vya Posta na Simu. Sarafu zilipoisha, simu ilikatika. Ulikuwa ukatili, lakini ulijua umetumia nini.

Mwaka 2019 wakili mmoja alilipeleka suala la vifurushi vya data vinavyokwisha muda mbele ya jopo la rufaa la mawasiliano, na Oktoba mwaka uo huo Safaricom ikaanzisha data na dakika zisizo na kikomo cha muda. Hatua hiyo niliishangilia. Hata hivyo vifurushi vya saa moja au siku moja havikutoweka, na ndivyo vinavyonunuliwa na mwenye shilingi kumi mfukoni, maana aghalabu ndivyo vinavyoonekana rahisi.

Linganisha na mama mboga. Ukinunua nyanya za Sh50 hukutupia moja ya nyongeza, wala hasemi ni lazima uile kabla ya saa sita usiku, au uile pamoja na wateja wake wengine tu. Nyongeza ikishaingia kikapuni ni mali yako. Wauzaji wa maongezi wameazima lugha ya ukarimu huo bila desturi zake. Safaricom, mathalani, ina ofa ziitwazo Tunukiwa. Kitenzi hicho ni cha heshima. Hutunukiwa shahada na nishani. Katika menyu ya simu, anayetunukiwa ndiye anayelipa.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya kuwalinda watumiaji ikapitishwa mwaka 2012. Ninachokidai si kipya basi: sharti na zawadi vitangazwe kwa lugha moja na kwa sauti moja. Redioni, zawadi huimbwa kwa nusu dakika, kisha mtu mwenye haraka husema "vigezo na masharti kuzingatiwa". Walimu wa sarufi watazame kitenzi hicho. Hakina mtenda. Hatuambiwi ni nani atakayezingatia, wala ni vigezo gani.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu tangazo la namna hiyo pamoja na masharti yake, nikawaagiza waliandike upya kwa sentensi moja ya Kiswahili isiyoficha kitu. Msichana mmoja aliandika: "Ukitumia Sh50 leo, tutakuruhusu kuongea na wateja wetu wengine kwa dakika 50, mradi umalize kabla ya saa sita usiku." Darasa lilicheka. Mvulana wa nyuma akasema angeinunua hata hivyo, kwa kuwa nyumbani kwao wote wako katika laini hiyo na babake hupatikana jioni tu. Msichana akamjibu kwamba hilo ni sawa kabisa, maana sasa anajua ananunua nini.