Arbuni ya Nyumba na Haki ya Mnunuzi Aliyeshindwa

Mtu anunuapo nyumba au kiwanja kwa mkataba, aghalabu hutanguliza arbuni siku ya kutia saini, ili muuzaji apate yakini ya kuwa mwenziwe ameazimia kweli. Na muda wa kukamilisha malipo ukipita pasi na ahadi kutimizwa, muuzaji aweza kuuvunja mkataba na kuitwaa arbuni ile, hata kama hakupata hasara yoyote. Kanuni hii ni ya kale, na mahakama za Uingereza ziliithibitisha katika kesi ya Howe na Smith mwaka 1884. Lakini je, muuzaji akitoza robo nzima ya bei na kuiita arbuni, jina hilo latosha kuihalalisha?

Jawabu lilitokana na mnada uliofanyika Jamaica, ambako Workers Trust and Merchant Bank iliiuzia kampuni ya Dojap Investments jengo kwa dola za Jamaica 11,500,000, ikapokea asilimia 25, yaani dola 2,875,000, na kutaka salio lilipwe katika siku 14. Mnunuzi akakawia, na hundi yake ilipofika muda umekwisha, benki iliirudisha na kushikilia kwamba fedha zote za mwanzo zimekuwa mali yake. Mwaka 1993 shauri liliamuliwa London na Baraza la Malkia, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Wajamaica. Benki ilidai kwamba mabenki ya huko yamezoea kutoza baina ya asilimia 15 na 50. Lakini jaji Lord Browne-Wilkinson aliikataa hoja hiyo, akisema kuwa ada iliyokubalika tangu zamani ni asilimia 10, na atakaye zaidi sharti aonyeshe sababu makhsusi. Mahakama ya rufani ya Jamaica ilikuwa imeiachia benki ile sehemu ya kumi. London haikuiachia hata hiyo, bali iliamuru fedha zote zirudishwe, isipokuwa kadiri ya hasara ambayo benki ingeweza kuithibitisha. Naiona hukumu hiyo kuwa ya insafu kubwa, kwani arbuni ni dhamana ya nia njema, wala si ngawira.

Kwetu Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, kilichofuata sheria ya India ya 1872, humpa aliyevunjiwa ahadi fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa mkatabani. Kwa hiyo wanaonunua viwanja kwa awamu, ambao mara nyingi hupewa karatasi iliyoandikwa kwamba malipo hayarudishwi, wasidhani kuwa maneno hayo yamekwisha kuzika haki yao. Na kabla ya kutia saini, wadai iandikwe bayana ni kiasi gani kilicho arbuni na kipi ni sehemu ya bei, na kwamba muuzaji hatavunja mkataba pasi na kutoa ilani kwanza, kama yanavyoelekeza masharti ya chama cha mawakili wa Kenya, ambayo humpa aliyechelewa siku 21 za kukamilisha.